Msimbati: nyangumi au kasa?

Ukiwa na siku moja tu ya bahari Mtwara, chagua kimoja. Msimbati na visiwa vyake vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kiingilio kinalipwa, kiweke kwenye bajeti.

Nyangumi wenye nundu hutoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na huku kwetu hupita takribani Julai hadi Novemba. Shida ni kwamba msimu wao huangukia kusi, majira ya upepo mkali wa kutoka kusini. Boti inarushwa, chumvi inaingia machoni, na mwenye tumbo jepesi atatapika kabla hajaona mkia. Lakini mnyama wa tani 30 akichomoka majini, hata nahodha mzoefu huacha kuongea. Mwambie tu azime injini mbali. Jike mwenye mtoto hasogelewi. Na siku nyingine mnarudi patupu, hela ya mafuta imekwenda.

Kasa ni wa kaskazi, majira ya upepo wa kutoka kaskazini, bahari ikitulia na maji yakiwa angavu. Vaa miwani ya kuzamia, elea juu ya majani ya bahari. Utamwona anakata majani taratibu, kisha anapanda kuvuta pumzi karibu nawe. Usimshike wala kumzibia njia.

Wenye watoto, nendeni kwa kasa. Mimi, bado nyangumi, na limau mfukoni.