Hariri ya kufungia nzi wa kuvulia: ununue uzi upi kwanza

Ukiwa unafunga nzi wadogo, yaani vidudu vya bandia vya uzi na manyoya kwenye ndoana, vya kuvulia samaki aina ya trauti wa mto Sipi, kule mlima Elgon, nunua hariri halisi kabla ya uzi mwingine wowote. Tafuta ile nyembamba kabisa, ya aina ya Gossamer ya kampuni ya Pearsall's, ambayo wavuvi wa Yorkshire, Uingereza, waliizoea miaka mingi. Sababu yangu ni rangi. Nzi kama Partridge and Orange mwili wake ni uzi mtupu, na shingoni unyoya mmoja wa kwale, kwa hiyo rangi ya uzi ndiyo rangi ya mdudu. Hariri ikilowa hukolea. Ya manjano ukiipaka nta nyeusi ya washona viatu huelekea kijani cha zeituni. Kipande cha nta kama ukucha wa kidole gumba kitakutosha msimu mzima.

Shida ni kuipata. Kampala, mitaa ya vitambaa kama Kiyembe, ukiuliza hariri mara nyingi utapewa uzi wa kudarizi unaong'aa, ambao ni rayoni au poliesta. Niliwahi kununua bobini tatu za namna hiyo duka moja mjini, nikakesha nikifunga nzi kumi na wawili. Kesho yake mtoni wa tatu akafumuka kichwani nikimwangalia, maana rayoni ikilowa hupoteza nguvu nyingi. Niliumia sana. Sasa natembea na kiberiti: "Dada, naomba kipande kidogo nikichome hapo nje." Hariri hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Rayoni huwaka kama karatasi. Poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu. Muuzaji akikataa kukupa hata sentimita tano, usinunue.

Nafasi ya pili naipa poliesta nyembamba ya 8/0 (hicho ni kipimo cha unene: namba ya mbele ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba zaidi). Haiozi, inastahimili jua kuliko hariri, na anayejifunza ataharibu nyingi bila kulia. Ya tatu ni nailoni ya denia 70 (denia ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi). Hulala bapa vizuri, ila inavutika, na mkono mgeni hautambui inapokaribia kukatika.

Kwa sangara wa maporomoko ya Murchison, kwenye mto Nile, hariri iache nyumbani. Ndoana kubwa na manyoya marefu yanataka kukazwa kwa nguvu, na uzi mwembamba utakukatikia mkononi. Chukua nailoni ya denia 210, au ule uzi wa polietilini wenye nguvu za ajabu. Huo unateleza, kwa hiyo kichwa cha nzi ukipake gundi.

Ukiuziwa hariri ya zamani, fungua kama mita moja, kwa sababu tabaka la juu ndilo lililopigwa na jua. Vuta polepole kwa mikono miwili. Ikikatika bila kupinga, endelea kufungua hadi ufike kwenye uzi unaogoma, usipofika, irudishe.