Fundi mizani wa Ng'ambo, Tabora: kama unakusanya mizani za zamani anzia hapa

Niseme kabisa kabla sijaingia kwenye maelezo, kama unakusanya mizani za zamani na mawe yake na uko Tabora au unapita tu na treni ya kwenda Kigoma, kuna karakana moja ndogo ya mzee mmoja fundi mizani upande wa Ng'ambo usiipite. Bango hana, ila utaona mzani mkubwa wa magunia umesimama mlangoni na benchi la mbao pembeni, ndo hapo hapo. Mi nampa nyota nne na nusu kati ya tano na hiyo nusu ntasema imekatika wapi.

Kazi yake hasa ni kutengeneza mizani za wenye maduka na wanunuzi wa mazao, ila ndani huko nyuma kuna rafu mbili zimejaa vitu vya zamani anavyokusanya toka vijijini, Urambo, Sikonge, Kaliua, wakati mwingine Ujiji, na hivyo anauza. Nimeona pale mizani za kaunta za sahani mbili, za springi za kuning'iniza, vimizani vya sonara kwenye viboksi vya mbao, na mawe, jamani mawe yapo ya kila namna.

Sababu ya mimi kumpenda huyu mzee ni moja, HAFUTI ALAMA. Wauzaji wengi wa vitu vya kale, na nimewaona miji tofauti, wakipata jiwe la chuma lenye kutu wanalipeleka kwenye mashine ya kusaga, wanalipiga rangi ya dhahabu au ya fedha, lawaka, wanapandisha bei, na hapo jiwe limeshakufa. Kwa sababu unachonunua sio chuma, chuma kipo skrapa kwa kilo, unachonunua ni maandishi yake. Geuza jiwe la chuma chini juu utaona kitundu kimezibwa na risasi, namaanisha ile metali laini nzito, sio ya bunduki. Ile risasi sio kiraka, ndo sehemu ya kurekebishia uzito, maana chuma kikimiminwa kiwandani hakitoki kwenye uzito kamili, kwa hiyo wanaacha tundu wanajaza risasi mpaka jiwe likae sawa na la mfano, halafu mkaguzi anagonga muhuri palepale juu ya risasi kwa sababu ni laini. Akili ya hiyo kitu ni kwamba mtu akija kukwangua risasi ili jiwe lipungue, muhuri unaharibika na anaonekana. Na sio kukwangua tu, wapo waliokuwa wanaongeza, maana ukiuza sukari unataka jiwe jepesi lakini ukinunua mazao kwa mkulima unataka jiwe zito. Ukielewa hilo huwezi tena kuliangalia jiwe la mizani kama pambo.

Yale yaliyotoka Uingereza muhuri una taji na herufi za mfalme au malkia wa wakati huo. VR ni Victoria, kwa hiyo ni mpaka Januari 1901 alipofariki, GR ni hao akina George, wa tano na wa sita, kuanzia 1910 mpaka 1952. ER ndo inasumbua kidogo maana inaweza kuwa Edward wa saba, 1901 mpaka 1910, au Elizabeth kuanzia 1952, hapo unaangalia umbo la taji na jiwe lenyewe lilivyo. Jiwe moja linaweza kuwa na mihuri zaidi ya mmoja kwa sababu lilikaguliwa tena na tena. Mzee anasafisha kwa brashi ya manyoya na mafuta ya taa kidogo, anafuta na kitambaa, basi. Nilimuuliza kwa nini hasugui shaba ing'ae kama wengine, akanijibu, "Mwanangu, ukiisugua leo na kesho na keshokutwa unaitoa uzito, na jiwe la mizani likitoka uzito limebaki na kazi gani?" Na ni kweli, hasa yale madogo ya wakia moja (gramu 28 hivi) na nusu wakia ambapo gramu chache tu zikiondoka ni balaa.

Sasa Tabora ni sehemu nzuri sana ya kukusanya vitu hivi na sidhani kama watu wanajua. Misafara ilipokuwa inapita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, pembe za ndovu zilikuwa zinahesabiwa kwa frasila, ambayo ni karibu ratili 35, kama kilo 16 hivi. Akaja Mjerumani, na kwao walishahamia kilo toka 1872, reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo kilo na gramu zilikuwepo hapa mapema. Halafu Tabora ikatekwa Septemba 1916, na utawala ulipoenda kwa Mwingereza zikaja ratili na wakia, na baada ya uhuru nchi ikarudi kwenye kilo. Yaani kilo ilitangulia, ikaondoka, ikarudi, na rafu ya mzee inaonesha hayo yote kwa pamoja, jiwe la gramu 500 limekaa jirani na la ratili 1 na kwa macho karibu yanalingana, tofauti yao ni gramu 46 na kitu tu.

Nilichonunua mara ya mwisho ni mizani ya kaunta ya sahani mbili juu, chuma, sahani za shaba, jina la Avery wa Birmingham limekaa vizuri kwenye mwili. Avery kwa wasiowajua ndo walichukua Soho Foundry mwaka 1895, kile kiwanda cha akina Boulton na Watt wa injini za mvuke, na mizani zao zimesambaa kila kona ya makoloni ya Mwingereza. Mtindo huu wa sahani kukaa juu badala ya kuning'inia kwenye minyororo ulibuniwa na Mfaransa anaitwa Roberval, alionesha mwaka 1669, na siri yake iko chini ya sahani, kuna mkono wa juu na mwingine wa chini vinaenda sambamba, kwa hiyo sahani inapanda na kushuka ikiwa imelala sawa haiinami. Faida yake mzigo unaweza kukaa popote juu ya sahani na jibu halibadiliki.

Na hapo ndo kipimo cha kununua. Mzee mwenyewe alinionesha bila kuombwa, aliweka mawe mawili ya ratili moja, jiwe moja kila upande, mshale ukasimama katikati, halafu akalisukuma la kulia mpaka ukingoni kabisa mwa sahani karibu lidondoke, mshale haukucheza. Mizani iliyochoka pini za chini hapo mshale unahama. Halafu akabadilishana mawe, la kulia kushoto la kushoto kulia, kama mikono haina urefu sawa hapo ndo inajulikana. Akamaliza kwa kudondosha punje za mchele moja moja upande mmoja, tukahesabu mpaka mshale ulipoanza kusogea, maana makali yale ya kisu ambayo mkono unakalia yakiwa butu mizani inakuwa nzito kuamka. Hii yangu ilichukua punje kadhaa, kwa mizani ya dukani ya umri ule mi niliridhika kabisa. Nimenunua vitu vya kale sehemu nyingi, sijawahi kukuta muuzaji anakupimia kasoro ya bidhaa yake mbele yako na ikipatikana anaisema. Palikuwa na nyingine nzuri zaidi kwa macho, rangi ya kijani bado ipo, akaniambia hiyo usichukue, mkono umewahi kuungwa kwa welding, iko pale kwa ajili ya vipuri.

Hiyo ya Avery niliilipia shilingi 220,000, alianzia 260,000. Sio bei ndogo lakini alinipa na mawe manne ya chuma yenye umbo la kengele, ratili 7, 4, 2 na 1. Nikifika nyumbani niliyaweka kwenye mzani wa dijitali wa jikoni, la ratili moja linatakiwa gramu 453.6, likasoma 451, kutu imekula kidogo, la ratili mbili likasoma 907 yaani limekaa palepale. Kwa waliowahi kujiuliza kwa nini linafuata la 7 baada ya 4 badala ya 5 au 8, ni kwa sababu Waingereza mizigo mikubwa walikuwa wanaihesabu kwa kipimo cha ratili 112, ukigawa kwa mbili unapata 56, halafu 28, 14, 7. Seti ya kilo inaenda kivingine, 1, 2, 2, 5, ukiwa na hayo manne unatengeneza namba yoyote toka 1 mpaka 10. Ndo njia rahisi ya kujua seti imepungukiwa nini kabla hujatoa hela.

Kitu kilichonigusa zaidi pale dukani lakini sijakinunua ni kiboksi cha sonara. Kimbao kirefu, ndani vimechongwa vitundu vya kila jiwe, kimkono chembamba cha chuma na visahani viwili vya shaba vimefungwa kwa uzi wa hariri ambao umebadilishwa. Kwenye kitundu kimoja badala ya jiwe kuna rupia ya Mjerumani, ile ya Wilhelm wa pili amevaa kofia ya tai juu, nyuma simba na mnazi, nilifikiri imewekwa hovyo. Kumbe rupia ya fedha ilikuwa gramu 11.66 sawasawa na tola moja, na dhahabu masonara wanaipima kwa tola, kwa hiyo hela yenyewe ilikuwa jiwe la mizani. Hiyo ya pale imelika usoni, pua ya Kaisari haipo tena, kwa hiyo imepungua, na chini yake yule sonara aliweka kikaratasi chembamba cha risasi kufidia. Niliishika muda mrefu. Ukikumbuka kwamba hapahapa Tabora mwaka 1916 Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ile ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, gramu 7 na kidogo, unaanza kufikiria vimizani kama hivi vilishika nini. Anataka 350,000 na hashuki, na kusema ukweli kwa kitu kilichokamilika hivyo simlaumu.

Sasa hiyo nusu nyota. Kwanza mawe ya shaba bei iko juu kuliko inavyostahili, seti ya gramu iliyokosa jiwe moja la 20 anauza sawa na iliyokamilika, nimemwambia na hajabadilisha. Pili zile trei za mawe ya reja reja kachanganya kila kitu, wakia na gramu na tola, mtu mgeni anaweza kubeba seti isiyokuwa seti, nenda na mzani mdogo wa dijitali na sumaku mfukoni, sumaku kwa sababu kuna mawe ya chuma yaliyopakwa rangi ya shaba ambayo hata yeye anauziwa. Tatu, ufungaji wa kusafirisha ni dhaifu. Jamaa yangu wa Kigoma alitumiwa mzani wa springi kwenye basi, ukafika umefungwa gazeti na kamba tu, kioo cha uso kimepasuka. Mzee alirudisha sehemu ya hela bila maneno mengi, sawa, lakini kioo kile cha zamani hakirudi. Ukiagiza mwambie akufungie kwenye boksi la mbao na mabua au nguo kuukuu, na mkono utolewe kwenye makali yake usafiri peke yake, mkono ukicheza njiani ndo unaua makali.

Mizani za springi kwa ujumla, Salter na wenzake, mi naziweka daraja la pili, sio kwa ubaya wa kampuni, Salter wameanza Uingereza toka miaka ya 1760 na uso wao wa shaba unapendeza ukutani, ila springi inachoka na ikishachoka huwezi kuirudisha bila kuweka mpya, na ukiweka mpya umebaki na uso tu. Ya mkono na mawe ikitunzwa inapima leo kama ilivyopima siku ya kwanza.

Jambo lingine zuri, mzee anamwambia kila mnunuzi kwamba hivi ni vya kukusanya sio vya kwenda kufanyia biashara sokoni. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na ipigwe stika, na ratili sio kipimo cha kuuzia mtu kitu leo. Kuna kijana alikuja anataka mzani wa kijani ule ulioungwa akauzie karanga, akamkatalia kabisa, akamwelekeza kwenye mizani mipya iliyohakikiwa.

Anafungua asubuhi mpaka saa kumi hivi, Ijumaa anafunga mchana kwa swala na harudi. Bintiye ndo anashika simu na anatuma picha ukiomba, mwombe picha ya chini ya jiwe sio ya juu. Bei jadilianeni taratibu, msalimie kwanza, kaa kwenye benchi, ukikimbilia bei anakujibu kifupi. Ule mzani wa magunia wa mlangoni nao unauzwa, wa kampuni ya Pooley, una mbao zake za asili na magurudumu yote manne, shida ni kuubeba, atakayeuchukua aje na kirikuu na vijana wanne.

Mimi bado natafuta jiwe la ratili 14 la chuma lenye GR inayosomeka, kama unalo na hujalipaka rangi niambie bei.