Vitufe vya chemsha bongo nilivyoundiwa Kibuye

63,400 kwa 63,200. Alama hizo ndizo zilizonipandisha boda kutoka Manyatta hadi soko la Kibuye, hapa Kisumu, kutafuta fundi.

Zilipatikana Marekani, kwenye Jeopardy!, kipindi cha chemsha bongo cha runinga, tarehe 7 Januari 2020. Siku hiyo walikutanishwa vigogo watatu wa kipindi hicho: Ken Jennings, aliyeshinda michezo 74 mfululizo na kukomea mwaka 2004, James Holzhauer, aliyeshinda 32 mwaka 2019, na Brad Rutter, ambaye hadi hapo hakuwa amepoteza shindano lolote mbele ya binadamu mwenzake. Rutter aliachwa mbali mapema. Waliobaki wawili walifuatana unyo kwa unyo, na Jennings akamshinda Holzhauer kwa pointi 200 katika pambano hilo la kwanza.

Kwa asiyekifahamu kipindi hicho, ubao wa kwanza una maswali ya pointi 200 hadi 1,000, na wa pili yanakuwa mara mbili. Yaani baada ya michezo miwili kamili, maswali 122 kwa jumla, watu hao walitenganishwa na swali moja la bei ya chini kabisa. Katika pambano la tatu wakabanana tena, 67,600 kwa 66,600. Jennings alilibeba taji tarehe 14, pamoja na dola milioni moja.

Nimeyatazama mapambano hayo kwenye simu mara nyingi sana, na kila nikitazama macho yangu huenda kwenye vidole gumba. Majibu wote wanayajua. Shida ni nani amefika kwanza. Mwaka 2011 Jennings na Rutter walipambana na Watson, kompyuta ya IBM, na hata hiyo mashine ililazimika kuwekewa kifaa cha kubonyeza kitufe sawa na wenzake. Watson ikamaliza na 77,147, Jennings 24,000, Rutter 21,600. Kuna waliosema ilishinda kwa akili. Mimi naamini kasi ya kubonyeza iliibeba sana, na sitabadili msimamo huo.

Haya yananihusu kwa sababu naendesha chemsha bongo ya vijana kanisani kwetu, nikiwa mwalimu mstaafu. Rika langu bado linaikumbuka Celtel Africa Challenge iliyoanza mwaka 2007, John Sibi-Okumu akiwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu, nasi tumejazana sebuleni. Hapo ndipo nilipoupata ugonjwa huu. Lakini mwaka jana fainali yetu tuliichezesha kwa kuinua mikono. Kwenye swali la mwisho niliona mkono wa kijana mmoja kwanza, wazee wawili wakaona wa msichana wa kundi la pili. Nilishikilia nilichoona. Yule msichana alilia, na kwa miezi miwili hakukanyaga kikundini. Hadi leo sijui kama nilimwonea, na jambo hilo linaniuma.

Fundi niliyempata hukarabati redio na amplifaya, kwenye kibanda cha mabati karibu na wauza viti. Nilimfungulia simu nikamwonyesha pambano la 2020. Akaongeza mwanga, akatazama mikono tu, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona hawa wanabonyeza kama wanapiga mashine ya kushona?"

Nikamweleza. Studioni kuna mtu anayefungua njia ya vitufe mara tu msomaji anapomaliza neno la mwisho, na taa kando ya ubao zinawaka kuwajulisha. Ukibonyeza kabla ya hapo, kitufe chako kinafungwa robo sekunde, na robo sekunde pale ni kifo. Ndiyo maana wanarudia-rudia kubonyeza.

Akanyamaza kidogo. "Basi mama, hii si kazi ya kengele. Hii ni kazi ya kufungiana njia."

Nilijua nimefika kwa mtu sahihi. Tulikubaliana shilingi 6,500, nikaacha 3,000, na baada ya siku tisa akanipigia nikachukue.

Ni sanduku la mbao nyembamba, upana wa kitabu cha mahudhurio, lenye taa nane juu, kengele moja, na waya nane zinazokwenda kwenye vitufe vyekundu vya kushikwa mkononi. Linatumia betri ya pikipiki ya volti 12. Ndani mna rilei, zile swichi zinazovutwa kwa sumaku. Wa kwanza kubonyeza, rilei yake inavuta, inawasha taa yake na wakati huohuo inakata umeme uliokuwa ukienda kwa wengine saba. Taa inabaki imewaka hadi mimi nibonyeze kitufe cheusi cha kuanza upya. Alinifungulia akanionyesha kila waya unakokwenda, bila haraka, kama mtu anayemtambulisha mtoto wake.

Nimelitumia miezi mitano sasa. Stima hupotea mara kwa mara upande wetu, lakini sanduku halijui habari hizo. Betri naichaji mara moja kwa mwezi. Jioni moja mvua ilipiga mabati ya ukumbi hadi kengele haikusikika kabisa, tukaendelea kwa taa pekee na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo ukiagiza la kwako, usikubali la sauti tupu. Taa ndiyo shahidi.

Kasoro zipo. Waya za mita mbili ni fupi mno. Vijana walilazimika kukaa wakiwa wamekabana kama kwenye matatu ya jioni. Kengele inalia sauti ileile kwa makundi yote. Mwezi wa pili kitufe cha tano kilinasa, nikakirudisha, na fundi akakitengeneza nikiwa nimesimama palepale, bila malipo. Mchana, ukikaa dirishani, mwanga wa taa haujitokezi vizuri.

Kasoro kubwa ni kwamba halimfungii anayebonyeza mapema. Unaweza kunikatiza katikati ya swali na taa ikakuwakia. Mwanzoni nilitaka nilirudishe. Halafu nikakumbuka University Challenge ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1962. Pale kukatiza kunaruhusiwa: swali la kufungulia ni pointi 10, na ukikatiza ukakosea unapoteza 5. Tukaichukua kanuni hiyo jinsi ilivyo, na chemsha bongo yetu ikapata uhai. Mtoto sasa lazima apime, nisikilize hadi mwisho au nijitose? Ninamwona akipima, kidole kikitetemeka juu ya kitufe. Shindano la Marekani haliwapi washindani nafasi hiyo, na kwa watoto wanaojifunza kufikiri naona la Waingereza ni bora.

Fainali ya mwaka huu ilikuwa Jumamosi iliyopita. Kundi la Manyatta lilikuwa na 120, la Nyalenda 115, swali limebaki moja. Nikaanza kusoma: "Mwezi Desemba mwaka 1901, reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani..."

Kengele ikalia. Vitufe viwili vilikuwa vimebonyezwa, niliviona vidole vyote viwili vikishuka, na kwa macho yangu nisingeweza kuapa upande wowote. Taa iliyowaka ilikuwa ya Nyalenda, namba sita. Ni yule msichana wa mwaka jana.

Ukumbi ulinyamaza. Alikuwa amenikatiza kabla sijafika kwenye swali lenyewe. Ningeweza kuwa nauliza reli ilianza kujengwa lini, au ni mhandisi gani mkewe aligongea msumari wa mwisho. Akikosea, anashuka hadi 110. Alifumba macho, akasema, "Kisumu iliitwa Port Florence."

Ndilo lililokuwa swali. Nyalenda 125, Manyatta 120.

Nahodha wa Manyatta, aliyekuwa amebonyeza pia, alitazama ile taa, akaiangalia sekunde kadhaa, kisha akamwambia mwenzake aliyeanza kunyanyuka, "Kaa. Ni wao." Hakuna mzee aliyeniita kando. Hakuna aliyeniuliza niliona nini.

Jumatatu nilirudi Kibuye na sanduku kwapani. Fundi anaongeza waya ziwe mita tano, anaweka kengele ya pili yenye sauti nzito, na atazijengea taa vikofia vyeusi zionekane mchana. Yote kwa shilingi 1,400. Nilipomsimulia habari ya namba sita, aliweka chini chuma cha kulehemu, akaniuliza Manyatta walikuwa wamechelewa kiasi gani. Nikamwambia hilo sanduku halisemi. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha katoni: "mwalimu, taa ya wa pili." Ameniahidi kulifikiria.