Kibandiko mchana, chingamu usiku: uzoefu wangu wa kuacha sigara Mombasa

Bidhaa ninazozieleza hapa ni mbili, nami nilizitumia pamoja: kibandiko cha nikotini kinachobandikwa juu ya ngozi, na chingamu ya nikotini ya miligramu 4. Zote nilizinunua katika duka la dawa mjini Mombasa, baada ya miaka mingi ya kuvuta pakiti nzima kwa siku. Hukumu yangu naitoa mapema: zinafaa, na ningezinunua tena. Ila zinafaa kwa namna dawa yoyote inavyofaa, yaani kwa kipimo, kwa wakati wake na kwa kufuata maelekezo, na anayeinunua chingamu hii akaitafuna kama peremende atapoteza pesa zake, kisha atarudi kwenye sigara akiamini kwamba dawa haikuwa na maana.

Aliyewahi kuacha sigara kwa ghafla anaijua arosto. Kichwa kinauma, usingizi unakatika, hasira zinapanda kwa jambo dogo, na mtu anashindwa kuituliza akili juu ya kazi iliyo mbele yake. Hali hiyo huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hupungua polepole kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Inayodaiwa na mwili wakati huo ni nikotini, lakini kinachoharibu mapafu na moyo wa mvutaji kwa kiasi kikubwa ni moshi wenyewe, pamoja na lami yake na gesi ya kaboni monoksaidi. Dawa hizi zimejengwa juu ya tofauti hiyo: mwili unaendelea kupewa nikotini kidogo kidogo bila moshi, hadi mazoea ya mkono na mdomo yavunjike, kisha nikotini nayo inapunguzwa. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba humwongezea mtu uwezekano wa kufanikiwa kwa asilimia 50 hadi 60 akilinganishwa na asiyezitumia. Hiyo si ahadi kwamba kila mtu ataacha, na wengi hushindwa hata wakiwa nazo, lakini mimi niliyekuwa nikitegemea azma peke yake niliona kwamba hiyo ni tofauti ya kutosha kulipiwa.

Inafaa kukumbuka kwamba chingamu hii ilizaliwa kutokana na marufuku. Mwaka 1967 mtafiti wa Uswidi, Ove Fernö, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa mjini Helsingborg, alipata barua kutoka kwa mtafiti Claes Lundgren wa mji wa Lund, iliyomweleza jinsi mabaharia wa nyambizi walivyokuwa wakitafuna tumbaku wakati wasipoweza kuvuta. Kutokana na wazo hilo ilitengenezwa chingamu ambayo iliidhinishwa Uswisi mwaka 1978 na Marekani mwaka 1984. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikusudiwa mtu aliye mahali pasiporuhusiwa kuvuta, na ndiyo hali ambayo wavutaji wa Kenya tumejikuta ndani yake.

Mfamasia aliyeniuzia, dada mmoja mwenye subira kubwa, hakunikabidhi kisanduku hadi alipokwisha kunieleza. Aliniuliza kwanza ninavuta sigara ya kwanza muda gani baada ya kuamka. Nilipomjibu kwamba huwa kabla hata sijanawa uso, alirudisha rafuni kile cha miligramu 2 na kuchukua cha miligramu 4, kwa sababu anayevuta ndani ya nusu saa ya kwanza ndiye anayehitaji chenye nguvu zaidi. Kisha akasema, "Kaka, hii haitafunwi mfululizo. Itafune taratibu mpaka usikie ukali kama wa pilipili, halafu ibane kati ya shavu na ufizi, uiache itulie. Ukali ukipungua, itafune tena kidogo, uibane upande wa pili." Kipande kimoja huchukua kama nusu saa kwa utaratibu huo. Sababu yake ni kwamba nikotini ya chingamu huingia mwilini kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ikimezwa pamoja na mate, sehemu kubwa hupotea bila faida, na badala yake mtu anapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Wengi ninaowasikia wakiilalamikia chingamu hii wanalalamikia kwikwi hizo, na nikiwauliza waliitafuna vipi, naambiwa waliitafuna kama chingamu.

Maelezo haya yote yamo katika karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku, lakini katika kisanduku changu yalikuwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za ng'ambo, kwa maandishi madogo mno. Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko zote za bidhaa hii. Anayeuza dawa Afrika Mashariki anapaswa kueleza kwa Kiswahili namna ya kuitumia, kwa sababu dawa hii ikikosa maelekezo inakosa karibu kila kitu.

Kibandiko ni kazi nyepesi zaidi. Nilianza na cha miligramu 21, kilichoelekezwa kwa wanaovuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, baadaye nikashuka hadi 14 na mwisho 7. Kinabandikwa asubuhi mahali pasipo na nywele, pakavu na safi, kama sehemu ya juu ya mkono au mgongoni, na kila siku panabadilishwa mahali ili ngozi isichubuke. Mimi nilipata wekundu na mwasho kidogo ulioisha baada ya saa chache. Tatizo la kweli ni joto letu. Mwezi wa Februari, ukiwa umesimama katika foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, jasho linakifungua kibandiko pembeni, na nilijifunza kukibandika nyuma ya bega, mara baada ya kuoga na kujikausha vizuri, nikikikandamiza kwa kiganja kabla ya kuvaa shati. Jambo jingine ni ndoto. Kibandiko cha saa 24 kikiachwa usiku kucha huleta ndoto nzito, zilizo wazi mno, na usingizi wa mashaka; nilipoanza kukitoa kabla ya kulala, ndoto zilikoma, ingawa hamu ya alfajiri iliongezeka kidogo.

Niliamua kuanza kuacha sigara mwezi wa Ramadhani. Wavutaji wa pwani tunajua kwamba mwezi huu unathibitisha kuwa mtu anaweza kukaa mchana kutwa bila sigara, na tunajua pia kwamba wengi huiwasha kabla hata tende haijafika tumboni. Chingamu haiwezi kutumika mtu akiwa amefunga, kwa kuwa kitu chake kinamezwa. Kuhusu kibandiko nilimwendea imamu wa msikiti wetu, naye akanieleza kwamba Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, yaani baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria ya dini, ilipokutana Jeddah mwaka 1997 ilihesabu vibandiko vya dawa vinavyopenya kwenye ngozi miongoni mwa vitu visivyofunguza. Nilibandika basi kila siku baada ya daku, na tofauti niliiona mchana wa kwanza: ile saa ya alasiri ambayo miaka yote iliyopita nilikuwa nikigombana na kila mtu nyumbani ilipita nikiwa na hamu, lakini hamu isiyonitawala. Baada ya futari ndipo chingamu ilipochukua zamu yake.

Hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Vinywaji vyenye uchachu, kama juisi ya ukwaju, maji ya ndimu na soda, pamoja na kahawa, hubadilisha hali ya mdomo kiasi kwamba nikotini ya chingamu haipenyi inavyotakiwa. Inashauriwa mtu asile wala asinywe chochote isipokuwa maji kwa dakika 15 kabla ya kutafuna na wakati wa kutafuna. Sasa fikiria meza ya futari ya Mombasa ilivyo, kisha fikiria baraza baada ya tarawehe, mzee anapopita na dele lake la kahawa chungu, kashata zinazungushwa na pakiti ya sigara inafuata nyuma yake. Kwangu mimi kahawa na sigara vilikuwa vimeshonwa pamoja. Nilipanga hivi: chingamu kwanza, njiani kutoka msikitini, na kahawa baadaye chingamu ikishatupwa. Kwa kuwa nikotini ya chingamu hufikia kilele baada ya kama dakika 20 hadi 30, wakati ile ya sigara inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, anayengoja hamu impande ndipo atafune anakuwa amechelewa. Ukijua wakati wako wa hatari, itangulie. Mchanganyiko wa kibandiko kinachoweka kiwango cha chini mchana kutwa na chingamu inayozuia mawimbi makali ndio uliothibitika kitaalamu kuwa bora kuliko kutumia kimoja peke yake, na mimi sioni namna ambavyo ningevuka wiki zile za kwanza kwa kimoja.

Sheria nayo ilinisaidia, na napenda kuisemea kwa sababu wavutaji wengi huiona kama adui. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ilipitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Julai 2008, ikakataza kuvuta ofisini, hotelini, katika magari ya abiria na mahali pengine pa umma isipokuwa sehemu zilizotengwa. Picha za maonyo juu ya pakiti zilifuata mwaka 2016. Nilipokuwa mvutaji, kutoka nje ya ofisi kwenda kusimama kwenye kona iliyotengwa kulinikera. Nilipoanza kuacha, umbali ule ukawa ulinzi wangu, kwa kuwa hamu ya sigara haidumu zaidi ya dakika chache na mara nyingi ilikuwa imekwisha kabla sijafika mlangoni. Uganda walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na imepiga marufuku pia sigara za kielektroniki na shisha. Kenya ilipiga marufuku shisha Desemba 2017.

Ila kuna kipengele cha sheria yetu ambacho kila anayejaribu kuacha anakiona kikivunjwa mbele ya macho yake. Sigara haziruhusiwi kuuzwa moja moja. Pakiti inatakiwa iwe na zisizopungua kumi. Hata hivyo kila kibanda kinauza moja moja, na kiberiti kimening'inizwa kwa kamba pembeni ya dirisha. Linganisha na dawa. Chingamu ya nikotini sikuipata ila kwa kisanduku kizima, na kisanduku hicho kilinigharimu zaidi ya nilichokuwa nikitumia kwa sigara kwa wiki nzima. Isitoshe, maduka kadhaa ya dawa niliyoyaulizia hayakuwa nayo kabisa, na moja lilinijibu kwamba haitafutwi na watu. Kwa hiyo kibarua mwenye shilingi chache mfukoni anaweza kununua ugonjwa kidogo kidogo, lakini tiba anatakiwa ailipie yote kwa mkupuo. Dawa hizi zingepatikana katika zahanati za kaunti kwa gharama nafuu, wengi ninaowajua wangejaribu, na jambo hili linaniuma kwa sababu miongoni mwao ni ndugu zangu.

Kuhusu mbadala nyingine, nilishauriwa mara nyingi na vijana nichukue vijifuko vya nikotini vinavyowekwa kati ya mdomo na ufizi, au sigara ya kielektroniki. Sigara ya kielektroniki imewasaidia watu wazima wengi kuacha, hasa Uingereza, ambako huduma za afya huitumia kwa lengo hilo, na hata huko zile za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku tangu Juni 2025 kwa sababu ya taka na mvuto wake kwa watoto. Mimi sikuitaka, kwa kuwa inaacha mkono na pumzi katika mazoea yaleyale niliyokuwa nikiyakimbia. Vijifuko navyo vinauzwa kwetu vikiwa na ladha za mnanaa na matunda, jirani na peremende, na wanaovitumia ninaowaona ni vijana ambao hawakuwahi kuvuta sigara. Hiyo si tiba. Mswada wa kurekebisha sheria ya tumbaku uliofikishwa katika Seneti mwaka 2024 ulikusudia kuvidhibiti, na mimi nauunga mkono bila kusita.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito na anayenyonyesha wamwone daktari kabla ya kutumia chochote kati ya hivi. Mwenye meno ya bandia au maumivu ya taya atumie kibandiko, kwa sababu chingamu hii ni ngumu na inanata kuliko ya kawaida.

Utaratibu wa kumaliza ni wa wiki 12 hivi kwa chingamu: kila saa moja au mbili katika wiki sita za mwanzo, kisha nafasi inaongezwa hadi mtu atumie chache tu kwa siku. Kibandiko nilikiacha bila taabu yoyote. Chingamu ilichukua muda zaidi, nami nilishuka kutoka miligramu 4 hadi 2 kwa ushauri wa yuleyule dada mfamasia. Harusini na matangani, ambako pakiti bado zinazungushwa, huwa naweka vipande viwili vya miligramu 2 katika mfuko wa kanzu, na mara nyingi narudi navyo nyumbani.