Blowa ndogo ya betri: kufagia ni sehemu ndogo tu ya kazi yake

Nimekaa na blowa ndogo ya betri, yaani mashine ya kupuliza hewa, kwa muda wa kutosha kujua inapofaa na inapokwama. Picha ya kwenye boksi ilionyesha mtu akipeperusha majani uani. Majani inapeperusha, tena vizuri yakiwa makavu. Lakini kama hiyo ndiyo sababu pekee ya kuitaka, baki na ufagio wako, pesa itumie kwa jambo lingine. Mimi nimeipenda kwa sababu inafika mahali ambapo ufagio, kitambaa na hata kidole havifiki.

Yangu ni ya volti 18, mota yake haina kaboni (vile vipande vinavyosuguana ndani ya mota na kulika) za kubadilisha, na ikishavaa betri uzito wake unakaribia kilo 2. Inashikika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unabaki huru kufungua mlango, kuinua zulia au kuzuia kitu kisiruke. Sikulitilia maanani jambo hilo wakati wa kununua. Leo ni la kwanza ninalolitaja nikiulizwa kwa nini sikuchukua ile kubwa ya kuning'iniza begani.

Chukua reli ya mlango wa kioo wa kusukuma. Mferejini mle hukusanyika mchanga, nywele na mabawa ya wadudu, na vyote vikishikana hutengeneza kitu kigumu kinachoukwamisha mlango. Ukipitisha kitambaa, unausogeza uchafu hadi kona na kuushindilia humo. Kwa blowa, navalisha mdomo mwembamba, nauelekeza kwenye mfereji nikiulaza karibu sawa na sakafu, kisha nabonyeza swichi kidogo tu. Mchanga unaanza kutembea wenyewe kama msafara wa siafu, unafika mwisho wa reli na kurukia nje. Ukibonyeza swichi yote kwa pupa, mchanga huohuo unapaa hadi kwenye mapazia.

Ndiyo maana nasema ubora wa mashine hii uko kwenye swichi kuliko kwenye tarakimu za boksi. Boksi litakutajia kasi ya hewa na ujazo wa hewa kwa dakika, na wengi hutazama kasi peke yake. Kasi hiyo mara nyingi hupimwa pale mdomoni, na mdomo ukibanwa kasi hupanda huku ujazo ukishuka. Tena hewa ikishatoka huchoka haraka: ukiuongeza umbali mara mbili, kasi inayofika kwenye uchafu hupungua karibu nusu. Kwa hiyo mashine ndogo inayosogezwa karibu, kwenye pembe ya ngazi au nyuma ya kabati, inafanya kazi ambayo kubwa iliyosimama mbali haifanyi. Swichi inayokuruhusu kupanda taratibu kutoka pumzi nyepesi hadi nguvu kamili ndiyo inayokupa uhuru wa kusogea karibu bila kutawanya kila kitu.

Kazi ya pili ninayoifanyia sana ni kukausha gari baada ya kuliosha. Wasiowahi kujaribu hudhani ni mbwembwe. Ukishafuta bodi yote kwa kitambaa, maji bado yamejificha: nyuma ya vioo vya pembeni, ndani ya vitasa, chini ya raba za madirisha, kwenye matundu ya nati za magurudumu. Ukianza safari, yanachuruzika na kuacha michirizi juu ya rangi uliyoing'arisha. Blowa inayatoa yote kabla hayajapata nafasi. Naanza juu ya paa nikishuka chini, mdomo nikiulaza ili maji yasukumwe kwa mstari mmoja badala ya kurushwa huku na huku. Faida nyingine ni kwamba hewa haikwaruzi, ilhali kitambaa kikinasa chembe moja tu ya mchanga kinachora rangi kila unapokipitisha. Angalizo: usiianze kazi hii mashine ikiwa imelala chini penye vumbi, kwani vumbi litakalovutwa litaishia kwenye rangi iliyolowa.

Nyavu za madirisha, mapangaboi, matundu ya kupozea ya drili na greinda, unga wa mbao ulioganda chini ya msumeno wa meza, hayo ni mapito ya dakika moja moja na sina la kuongeza.

Kompyuta ya mezani inastahili maneno zaidi. Watu wengi huipulizia kwa kompresa, na mimi siipendi njia hiyo. Hewa ikishindiliwa kwenye tangi, unyevu wake hugeuka maji, na maji hayo yanaweza kutemwa moja kwa moja juu ya bodi ya umeme. Blowa haishindilii hewa kwenye tangi, inaisukuma tu, kwa hiyo tatizo hilo haina. Hata hivyo, zima kompyuta, chomoa waya, itoe nje, simama umbali wa mkono, tumia nguvu ndogo, na kila feni uizuie kwa kidole au kijiti isizunguke. Feni ikizungushwa na upepo kwa kasi isiyoundiwa, beringi zake huumia. Mashine ya nje ya kiyoyozi ni hivyohivyo: zima umeme kabisa, fungua kifuniko, pulizia kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu vumbi liliingia likivutwa kutoka nje. Yale mapezi ya aluminiamu ni laini mno, na hewa pana ya blowa huyahurumia kuliko maji ya presha.

Sasa betri, ambako ndiko manung'uniko mengi hutokea. Hesabu yake si ngumu. Volti ukizizidisha kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri unapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba: betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36, na ya ampea-saa 5 ina 90. Tuseme mota inavuta wati 400 ikiwa kwenye nguvu kamili. Betri ndogo itakwisha kwa dakika tano na ushee, kubwa kwa dakika kumi na tatu hivi. Ukisikia mtu analalamika kwamba chaji haikai, karibu kila mara ana betri ndogo na kidole chake hakiachii swichi. Mota ya blowa inakula umeme mfululizo, tofauti na drili inayofanya kazi kwa sekunde kadhaa na kupumzika. Mimi naitumia kwa nusu ya nguvu muda mwingi, nazima nikihama kona moja hadi nyingine, na betri ya ampea-saa 5 inamaliza baraza, gari na karakana bila kunihangaisha. Ile ndogo naiacha kwa kazi za ndani, maana inaufanya mkono kuwa mwepesi.

Na usibabaishwe na maandishi ya volti 20 kwenye baadhi ya betri. Ndani ya betri hizo mna seli tano zilizopangwa mfululizo, kila moja ikihesabiwa volti 3.6, jumla 18. Zikitoka kwenye chaja zikiwa zimejaa, kila moja ina zaidi ya volti 4, na hapo ndipo 20 inapopatikana. Ni kitu kilekile. Betri ikitoka kwenye kazi nzito ikiwa ya moto, iache ipoe kwanza ndipo uichomeke kwenye chaja, na ukijua hutaitumia kwa muda mrefu, ihifadhi mahali pa baridi ikiwa na chaji ya nusu hivi. Joto ndilo linaloziua mapema.

Yasiyonifurahisha yapo. Tundu la kuvuta hewa liko ubavuni, na nikiishika karibu na mwili shati huvutwa na kuliziba: mlio unapanda ghafla, upepo unafifia. Wabunifu wangeliweka nyuma au wakalizungushia kizuizi kinachochomoza. Majani yaliyolowa na kushikamana na sakafu hayaitii, hapo chukua ufagio. Kelele nayo si ya kudharau. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila inapoongezeka 3, muda salama unakatwa nusu. Mashine ndogo ikiwa karibu na sikio inaweza kuvuka kiwango hicho, hasa ndani ya chumba chenye kuta tupu. Mimi navaa vizibo vya masikio hata kwa kazi fupi.

Kuna vumbi ambalo silipulizi kamwe, na hapa naomba nieleweke vizuri. Vumbi la zege, la vigae vilivyokatwa, la ukuta uliochimbwa lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe, na chembe zake ndogo kabisa huzama ndani ya mapafu na kubaki humo. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka silika hiyo inayovutwa kazini kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1997. Ukipuliza vumbi la namna hiyo ndani ya chumba, sakafu itaonekana safi na wewe utakuwa umelipandisha hewani ambako litaelea kwa muda mrefu, likivutwa na kila aliyemo. Lilowanishe, au tumia mashine ya kufyonza yenye kichujio cha chembe ndogo. Kinyesi cha panya nacho usikipulize wala usikifagie kikiwa kikavu. Kinyunyizie dawa, kisha kifute. Kwa vumbi la kawaida, miwani ya kinga na barakoa vinatosha, milango ikiwa wazi na upepo ukiwa mgongoni kwako.

Kama tayari una drili ya betri, tafuta blowa ya kampuni hiyohiyo, ile inayouzwa bila betri wala chaja. Betri ya Makita haiingii kwenye mashine ya DeWalt, wala ya DeWalt kwenye Milwaukee, na betri pamoja na chaja yake ndiyo sehemu kubwa ya gharama. Kabla ya kulipa, omba uwekewe betri na ubonyeze swichi polepole iwezekanavyo. Mashine ikiruka kutoka kimya hadi kelele kamili bila hatua za katikati, irudishe rafuni.