Santuri nne mpya, na singeli iliyonirudia Magomeni kwa njia ndefu

Kifurushi kilifika Jumanne jioni. Nilikiacha mezani mpaka asubuhi bila kukifungua, ingawa mikono ilikuwa inaniwasha. Santuri iliyotoka kwenye joto la safari haifai kupandishwa kwenye mashine saa hiyohiyo; iache ipoe, izoee chumba. Ndani zilikuwamo nne, zote mpya, zote za muziki wa elektroniki, nilizoagiza kwa muuzaji mmoja wa Ulaya: "Computer World" ya Kraftwerk, "Selected Ambient Works 85-92" ya Aphex Twin, mkusanyiko wa Francis Bebey uitwao "African Electronic Music 1975-1982", na "Poaa" ya Bamba Pana. Santuri zenyewe zilinigharimu yuro 104. Usafirishaji ulikula yuro 38 nyingine, na bado hapo sijagusa kodi za kuingiza mzigo. Anayetaka kuagiza ajipange kwa hesabu kamili, asitazame bei ya dukani peke yake.

Ninatumia mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na kichwa cha sindano cha Audio-Technica AT-VM95E nilichokibana kwa uzito wa gramu 2. Nayataja haya kwa sababu ninachokieleza hapa chini kimepita kwenye sindano hiyo. Kwenye mashine nyingine unaweza kusikia vingine.

Nianze na iliyoniumiza. Santuri ya Aphex Twin ilikuja imepinda. Muuzaji alizipanga zote nne ndani ya boksi jembamba, bila kadibodi ngumu juu wala chini, na sahani ya kwanza ya Aphex Twin ndiyo iliyobeba mzigo wa wenzake. Niliposhusha sindano, mkono wa mashine ulikuwa unapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi ya Kigamboni, na wimbo wa kwanza, "Xtal", ukawa unayumba sauti. Huu ni wimbo wa sauti laini zinazoelea, hauna pa kuficha kasoro ya namna hiyo. Nilimwandikia muuzaji na picha nikamtumia. Baada ya barua mbili alinirudishia nusu ya bei ya santuri hiyo. Sahani nimeibana kati ya vioo viwili na vitabu vizito juu yake, siku 12. Imenyooka kiasi, kuyumba kumepungua sana, ila ukingo bado una wimbi dogo. Usiianike juani kwa kudhani utainyoosha, utaiua kabisa.

Tangu siku hiyo kila ninapoagiza naandika maombi mawili: sahani itolewe kwenye jalada na kuwekwa nyuma yake, isije ikalipasua kwa kugongagonga njiani, na kadibodi ngumu ziwekwe pande zote mbili. Wauzaji wengi wanakubali bila kuongeza bei.

Muziki wenyewe wa Aphex Twin ni mzuri mno, na nyimbo za katikati, ambako sahani haikupinda, zimenipa nilichokitafuta. Richard D. James, ndilo jina halisi la Aphex Twin, alizaliwa 1971, kwa hiyo mwaka 1985 unaotajwa kwenye jina la albamu alikuwa mvulana wa miaka 14. Alirekodi kwenye kanda za kaseti, na ule mvumo wa kanda bado umo. Kwenye simu mvumo huo unasikika kama uchafu. Kwenye santuri unakaa nyuma ya muziki kama mvua ya mbali, na mimi naupenda.

Kraftwerk sina mengi ya kusema kwa sababu hapakuwa na tatizo lolote. Ni albamu ya 1981, ina dakika 17 hivi kila upande, na urefu huo ni rafiki wa santuri. Muziki mrefu ukilazimishwa kwenye upande mmoja, mifereji hubanana, na fundi hulazimika kupunguza sauti na besi ili ienee. Hapa mifereji ina nafasi. "Numbers", ule wimbo wa kuhesabu namba kwa lugha mbalimbali, unapiga kifuani bila kuongeza sauti. Anayeanza kukusanya muziki huu aanze na hii.

Sasa Bebey. Huyu ni Mkameruni wa Douala, aliyezaliwa 1929, mwandishi wa riwaya na mpiga gitaa, aliyefanya kazi UNESCO mjini Paris kabla ya kuamua kula na kulala kwa muziki. Rekodi hizi alizifanya kwa vyombo vichache: mashine ya ngoma, kinanda cha umeme, gitaa la besi, halafu sanza na filimbi ya Mbilikimo. Sanza ni ndugu wa ilimba ya Wagogo wetu wa Dodoma, vile vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Filimbi ile inatoa noti moja tu. Mpigaji anapuliza noti, anaachia, anaimba noti nyingine kwa koo lake, anarudi kwenye filimbi, upesiupesi, hadi husikii tena mpaka kati ya mtu na chombo. Na nyuma yake mashine inatembea tik-tak, tik-tak, haichoki.

Nyimbo hizi nimezisikiliza miaka mingi kwenye faili alizonipa rafiki, za ubora hafifu. Nilidhani nazijua. Kwenye santuri nilisikia kitu ambacho kwenye faili kilikuwa kimekatwa: pumzi. Kabla ya kila noti ya filimbi kuna hewa inayoingia, fupi, kavu kidogo, na hewa hiyo nayo imepangwa juu ya mdundo wa mashine. Kumbe mzee alikuwa anapiga vyombo vitatu, filimbi, koo na pumzi. Nilirudia upande huo mara nne siku ya kwanza. Kama ningeambiwa nichague moja kati ya hizi nne, ningehangaika sana kati ya hii na inayofuata.

"Poaa" ndiyo sababu ya kuagiza mzigo wote huu. Ni singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar, ya mtaa wa Mburahati, imetengenezwa Sisso Studio, ikatolewa 2018 na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Kutoka kwangu Magomeni hadi Mburahati ni safari fupi ya bodaboda. Lakini santuri yenyewe nimeipata kwa kuagiza Ulaya na kuilipia kwa yuro. Si jambo geni kwetu. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, na santuri zikarudi kuuzwa pwani hii. Santuri za dansi alizoniachia marehemu baba, bendi za hapahapa Dar es Salaam, zimechapwa Nairobi. Sauti zetu zimezoea kusafiri kabla ya kukaa kwenye sahani. Hata hivyo nilipoichana ile nailoni na kuishika mkononi nilipata uchungu na furaha kwa pamoja, maana vijana wengi wa mtaa ulioizaa hawajawahi kuiona.

Swali ambalo watu huniuliza ni hili: muziki uliotengenezwa kwenye kompyuta, ukasambazwa kwa flashi na simu, santuri inauongezea nini? Nilikuwa na shaka hiyo pia. Singeli tumeizoea kigodoroni, kwenye sherehe za mtaani, spika zimefunguliwa mpaka mwisho, sauti zimegandamana, unachosikia ni ukuta mmoja unaokimbia. Nyumbani, kwenye santuri, ukuta ule ukafunguka. Besi ikatengana na makofi. Vipande vya kinanda vinavyojirudiarudia, vile vyenye harufu ya taarabu na mchiriku, vikapata mahali pao, kimoja kushoto, kimoja kulia. Sauti ya Makaveli, mchanaji wa mashairi kwenye albamu hii, inapoingia inasimama mbele, kila silabi imeshikika, ingawa kasi haijapungua hata chembe. Niligundua kwamba ndani ya mbio ile kuna utulivu mwingi. Bamba Pana anaacha nafasi, anaondoa kitu, anakirudisha baada ya mizunguko kadhaa. Kigodoroni nafasi hizo huzibwa na filimbi za watu na kelele za kushangilia, na ndivyo inavyotakiwa. Kusikiliza peke yako ni shughuli nyingine.

Lakini sindano ni jambo la kuangalia sana kwa muziki wa kasi hii, na hapa nieleze kidogo. Sahani ya 33, yaani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, inazunguka kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, ila duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Kwenye ukingo, mfereji unapita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kila sekunde. Karibu na karatasi ya katikati ni sentimita 21 tu. Chukua singeli ya midundo 240 kwa dakika, yaani minne kila sekunde. Mwanzoni mwa upande, mdundo mmoja unapewa karibu sentimita 13 za mfereji. Mwishoni unapewa 5 na ushee, na ndani ya hizo tano lazima yaenee makofi, kinanda na maneno. Ni sheria ya santuri yoyote duniani. Nilipojaribu kwa kichwa changu cha zamani chenye sindano ya mviringo, makofi ya mwisho wa upande yalichanganyikana kuwa "shhh" moja. Sindano ya AT-VM95E ina ncha ya duaradufu, inaingia kwenye kona ndogo za mfereji, na makofi yakarudi kuwa makofi. Kwa hiyo ukiwa na bajeti finyu, nunua santuri moja pungufu uongeze kwenye sindano.

Jingine la sisi wa pwani: unyevu. Msimu wa masika majalada hushika ukungu mweupe, na karatasi za ndani zinanata kwenye sahani. Zote nne nimezihamishia kwenye mifuko ya ndani ya plastiki laini, na nazisimamisha wima, mbali na ukuta wa nje. Vumbi la Dar halihitaji maelezo. Brashi ya nyuzi za kaboni kila kabla ya kupiga, mizunguko miwili mitatu, basi.

Jumamosi mtoto wa jirani, wa miaka 15, alisikia "Poaa" kupitia dirishani akaja kugonga.

"Shikamoo anko. Hiyo singeli umeiweka kwenye sahani?"

"Marahaba. Ndiyo, njoo uone."

Aliitazama inavyozunguka, akaniuliza iko wapi memori kadi. Badala ya kumjibu nilizima ampu. Spika zikanyamaza, sahani ikaendelea kuzunguka, na nikamwambia asogeze sikio karibu na sindano bila kugusa. Pale kwenye ncha, bila umeme wa spika, singeli ilikuwa bado inapigwa, ndogo kama mdudu ndani ya kiberiti, makofi na maneno na kila kitu, ikitoka kwenye plastiki inayosuguliwa. Akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka upande ulipoisha na sindano kuanza kukwaruza kwenye mfereji wa mwisho.

"Anko, geuza upande wa pili. Ampu iache hivyohivyo."