Uzoefu wangu: msimu mzima wa MotoGP kwa simu, nikiwa Wete

Kama mfuko unakuruhusu siku moja tu kwa wiki, nunua bando la Jumamosi. Hilo ndilo jibu langu kwa wote wanaokuja gereji kuniuliza kama inafaa kutoa pesa kwa ajili ya MotoGP, yale mashindano ya dunia ya mbio za pikipiki, na naliandika hapa wapate kulisoma wenyewe. Wapo watakaosema nimechanganyikiwa, maana mbio kubwa ni za Jumapili. Subirini kidogo.

Mimi fundi wa pikipiki, Wete, Pemba. Mikononi mwangu hupita Boxer, TVS na zile Honda za zamani ambazo wenyewe hawaziuzi hata uwape nini. Msimu wa 2024 niliamua kuufuata wote, duru 20, kuanzia Qatar mwezi wa Machi mpaka Barcelona mwezi wa Novemba. Nilijiunga na huduma ya kulipia kwa mwezi inayoonyesha mbio mubashara kwenye simu. Jina silitaji, kwa sababu nina ya kuisema na sitaki ugomvi.

Kulipa kwenyewe kulikuwa kazi. Hawapokei pesa za simu moja kwa moja, wanataka kadi. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kupitia laini yangu, ikakataliwa. Nikawaandikia, wakajibu baada ya siku kadhaa kwa barua ile ile wanayomjibia kila mtu, kwamba nijaribu tena. Nikajaribu tena, ikakubali. Hakuna aliyenieleza kilichobadilika.

Ukishaingia, jambo la kwanza nenda kwenye mipangilio ushushe ubora wa picha kwa mkono wako. Ukiiachia programu ichague, itachukua picha ya juu kabisa na bando litakukimbia mbio zikiwa bado mbichi. Picha ya kati inatosha kwenye simu. Kiwiko cha mwendeshaji kinachoburura lami konani utakiona vizuri tu. Mtandao ukilegea picha inaganda, na ikizinduka watu washapitana na wewe hujui ilikuwaje. Hapo hamia kwenye ule ukurasa wa muda, majina na sekunde tu. Hauli bando, na ukishauzoea unajua nani anamsogelea nani. Umeme, chaji simu asubuhi na mapema, basi.

Lililonikera kuliko yote ni marudio. Umekosa mbio, umejizuia kusoma popote tangu mchana, usiku unafungua programu uangalie kwa utulivu, na ukurasa wa kwanza unakupokea na picha ya mshindi jukwaani. Wewe mwenyewe umewalipa pesa wakuharibie.

Sasa Jumamosi. Tangu 2023 kila duru ina mbio mbili. Ile ya Jumamosi ni nusu ya masafa ya Jumapili, dakika 20 hivi, na mshindi hupata pointi 12. Wa Jumapili hupata 25. Kwa mtu anayehesabu MB, hapo pana faida: nusu ya bando, karibu nusu ya pointi, na hakuna anayevuta muda. Jumapili waendeshaji hutunza tairi. Hukaa nyuma wakipimana, na katikati ya mbio pana vipande unaweza kwenda kukoroga chai ukarudi, orodha bado ile ile. Jumamosi wanaachia tangu kona ya kwanza.

Na huo ubingwa uliamuliwa Jumamosi, atakaye abishe. Francesco Bagnaia, wa timu ya kiwanda chenyewe cha Ducati, watengenezaji wa pikipiki, alishinda mbio 11 za Jumapili. Jorge Martín, aliyekuwa kwenye Ducati ya timu ya Pramac, iliyotumia pikipiki za kiwanda hicho, alishinda 3. Bingwa ni Martín, pointi 508 kwa 498. Mtu aliyekuwa akiangalia Jumapili peke yake hesabu hiyo haimwingii.

Chukua Jumamosi ya Barcelona mwezi wa Mei. Saa kumi alasiri kwa saa zetu, watu ndiyo kwanza wametoka kusali, nimeisimamisha simu barazani kwa kuiegemeza kwenye kopo la oili. Raúl Fernández anaongoza, anaanguka. Brad Binder anashika usukani, anaanguka. Bagnaia anashika, mzunguko wa mwisho, kona ya tano, naye huyo chini. Aliyeshinda ni Aleix Espargaró, ambaye wiki ile ile alikuwa ametangaza kuwa anastaafu mwisho wa msimu, na uwanja huo uko jirani na alikozaliwa. Baraza zima lilikuwa juu. Isipokuwa ami mmoja, aliyetazama mpaka mwisho kisha akauliza abiria wa pikipiki hizi hukaa wapi.

Silverstone, Uingereza, mwezi wa Agosti, Bagnaia akaanguka tena, Jumamosi. Sepang, Malaysia, mwezi wa Novemba, akiwa anamfukuza Martín kwa pointi 17, akaanguka tena, Jumamosi, Martín akashinda na pengo likawa 29. Huyu ni mtu mwenye mkono laini kuliko wote kwenye breki, na Jumapili humwoni akitetereka sana. Mimi nadhani mbio fupi zilimnyima kile anachokijua zaidi, yaani kuisoma tairi taratibu mpaka wenzake waishiwe.

Siwaambii Jumapili muitupe. Hiyo hiyo Sepang, siku ya pili yake, ndiyo mizunguko mizuri kuliko yote niliyoiona mwaka ule: Bagnaia na Martín wakipitana kona baada ya kona, huyu akifunga mlango yule anaufungua. Bagnaia alishinda, pengo likabaki 24. Portimão, Ureno, nayo ilituangukia ndani ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni, tumbo halina kitu na akili iko kwenye futari. Marc Márquez na Bagnaia wakagombea nafasi ya tano mpaka wakabebana wote wawili, na Maverick Viñales, wa pili, pikipiki ikamharibikia mzunguko wa mwisho akaanguka. Watu walichelewa kwenda kuteka maji. Na Aragón, Hispania, tarehe 1 Septemba, Márquez akashinda mara ya kwanza tangu 2021, na Jumamosi yake alikuwa ameshinda vilevile, akiwa kwenye Ducati ya mwaka uliopita baada ya kuiacha Honda aliyokaa nayo misimu 11. Fundi yeyote atakwambia thamani ya hilo: chombo cha zamani kikipata mtu.

Lakini kama bidhaa, msimu huo ulikuwa na kasoro kubwa, na kasoro yenyewe ilikuwa nyekundu. Ducati ilishinda Jumapili 19 kati ya 20. Ile moja iliyobaki ni Austin, Marekani, alipochomoka Viñales na pikipiki ya Aprilia. Pikipiki nane kati ya 22 zilikuwa Ducati. Honda na Yamaha, majina yanayojaza barabara zetu toka Mkoani mpaka Konde, hawakupanda jukwaani hata Jumapili moja. Vijana wa bodaboda waliokuja kuangalia kwa ajili ya Honda walikata tamaa mapema, na siwalaumu. Mimi nilibaki kwa Binder, wa Afrika Kusini, kwa sababu tu ni wa huku kwetu. Yeye na KTM yake walifikia kilomita 366.1 kwa saa pale Mugello, Italia, mwaka 2023. Bara letu lenyewe halijaandaa duru tangu Welkom, Afrika Kusini, mwaka 2004.

Kuna jambo jengine la kumuudhi mtazamaji na kumfurahisha fundi: upepo wa tairi. Sheria ya 2024 ilitaka tairi la mbele lisishuke chini ya baa 1.8 (baa ni kipimo cha upepo), na lilipimwa kwa mtambo wakati wa mbio. Ukiwa chini ya hapo kwa muda mrefu, Jumamosi uliongezewa sekunde 8, Jumapili 16. Jerez, Hispania, siku ya Jumamosi, Fabio Quartararo alimaliza wa tatu na Yamaha, tukashangilia, kisha akaongezewa sekunde hizo 8, nafasi ikaenda kwa Dani Pedrosa. Nilitumia jioni nzima kueleza. Tairi likifuata nyuma ya wengine linapata joto, upepo unapanda. Likiwa peke yake mbele linapoa, upepo unashuka. Kwa hiyo fundi anajaza akibahatisha kijana wake atakuwa wa ngapi. Mie hujaza kwa kubonyeza kidole na wateja hawajalalamika.

Saa zetu za msimu ule, kwa wanaotaka kujipanga: duru za Ulaya Jumapili zilikuwa saa tisa mchana majira yao ya joto, Jumamosi saa kumi. Japani ilikuwa saa mbili asubuhi. Australia saa kumi na mbili, ukitoka tu kusali alfajiri, na hapo mtandao unakwenda vizuri kwa sababu wengi wamerudi kulala. Austin ilikuwa saa nne usiku. Ile ya 2024 ilikuwa Jumapili ya baada ya Idi, nyumba bado zina wageni, nikaangalia nje na masikioni nimetia waya.

Duru ya mwisho ilikuwa iwe Valencia. Mafuriko ya mwisho wa Oktoba yaliua watu wengi huko, mbio zikahamishiwa Barcelona tarehe 17 Novemba. Bagnaia akashinda siku zote mbili, kafanya yote aliyoweza. Martín akamaliza wa tatu, akatosheka. Ducati ilikuwa ishamchagua Márquez badala yake kwa timu ya kiwanda, kwa hiyo bingwa akaichukua namba 1 ya ubingwa akaenda nayo Aprilia.

Picha wanazopiga naipa alama nyingi, kamera iliyofungwa kwenye pikipiki yenyewe peke yake inafaa pesa. Huduma kwa wateja, alama chache. Nimeendelea, lakini kwa mwezi, si kwa mwaka. Na usikilize hili: Disemba hakuna mbio, Januari hakuna, na Februari karibu yote ni majaribio. Mkataba unajilipa wenyewe kila mwezi usipousitisha, na kitufe cha kusitisha hakimo ndani ya programu. Ingia kwenye tovuti yao, upande wa akaunti, chini kabisa, siku chache kabla tarehe ya kukatwa haijafika.